Shemeji Aliyenipa Damu Anaumwa, Nami Nimenyamaza

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Admin naomba unifiche kabisa, maana ndugu wa mume wangu wanasoma humu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, naishi Shelui, nina watoto na wajukuu. Kuna jambo linaninyima amani.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, mume wangu na mdogo wake, nitamwita Yona, walikuwa wanauza mitumba hapa barabarani malori yanaposimama. Ndipo nikajifungua mtoto wa kwanza. Kondo la nyuma likagoma kutoka, damu ikamwagika mpaka godoro likalowa. Wakanikimbiza kwenye hospitali ndogo ya mtu binafsi, wakati huo ndiyo kwanza zinaruhusiwa. Nilikuwa nawasikia kwa mbali. Daktari akamwambia mume wangu, "Kundi la damu la mdogo wako linaendana na la mkeo, lakini dawa za kupimia magonjwa zimeisha. Nikimwekea hivi hivi anaweza kupata ugonjwa. Nikisubiri zije kutoka mjini, atakufa." Yona ndiye aliyejibu, huku anakunja mkono wa shati: "Toa. Shemeji hafi mbele yangu."

Nikapona. Tangu hapo, kila harusi na kila msiba Yona ananitania, "Shemeji usinijibu vibaya, damu yangu ndiyo inatembea humo." Tunacheka wote.

Mwaka huu mjukuu wangu alifanyiwa upasuaji, ndugu tukaombwa kuchangia damu. Nikawa wa kwanza kujitokeza. Baadaye muuguzi akaniita pembeni. "Mama, damu yako hatutaitumia. Ina virusi vya homa ya ini." Akauliza kama niliwahi kuongezewa damu. Nilipomsimulia akasema, "Inawezekana ulivipata kule, inawezekana si kule. Hatuwezi kujua. Ila huyo aliyekupa, kama yupo hai, apimwe, na mke wake na watoto wake." Nimeanza kliniki. Mume wangu na watoto walipimwa, wako salama.

Sasa Yona anaumwa. Tumbo limejaa, miguu imekonda, macho ya njano. Mke wake anasema karogwa kwa sababu ya ugomvi wa shamba, wanazunguka kwa waganga tu. Hospitali hawataki kuisikia. Nilimwambia mume wangu twende tukamweleze, akanikazia macho. "Mama watoto, mtu alikupa uhai, leo wewe unakwenda kumwambia damu yake ina ugonjwa? Ukifungua mdomo, humu ndani hatutaelewana."

Juzi nikampelekea uji, nikiwa nimeshaamua kusema. Nikamwambia, "Shemeji, nenda kapime ini." Akashtuka. "Kwa nini ini? Nani kakwambia?" Mke wake akaacha kufagia, akanitazama. Nikaogopa, nikasema nimesikia redioni tu. Yona akanishika mkono, akasema, "Mimi nikikuona wewe mzima, moyo unatulia."

Nilirudi nyumbani nalia njia nzima. Binti yake wa mwisho ni mjamzito na hajui lolote. Nikisema, nitaonekana nimemgeuzia kibao mtu aliyeniokoa, na huenda hata si yeye aliyeniambukiza. Nikinyamaza, namwona anakwisha. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngefanyaje? Kesho asubuhi narudi kwake. Nipeni hata sentensi moja ya kuanzia.