Mstari Chini ya Jina la Mafuru

Asubuhi hiyo mimi na Mafuru tulikuwa tunagombania ufagio. Tulikuwa wanafunzi wa chuo cha jeshi upande wa Buhemba, na zamu yetu ilikuwa kusafisha jengo la mawe, ghala la sare. Walilijenga wachimba dhahabu wa enzi za mkoloni. Kuta zake ni nene, madirisha yana nondo, na sakafuni kulikuwa na pete ya chuma ambayo hakuna mkufunzi aliyejua kazi yake. Mimi napenda kuchokonoa mambo, kwa hiyo niliivuta kila zamu.

"Iko siku Mzungu atatoka humo akuvute na wewe," Mafuru alinicheka. Yeye alikuwa wa Kiriba, mimi wa Buhare.

Jioni redio ikatangaza kwamba nchi imevamiwa. Kesho yake tulikabidhi nguo zetu za kiraia katika jengo lile lile. Kila mmoja alikwaruza jina lake ukutani kwa msumari. Akirudi, angepiga mstari chini ya jina ndipo apewe furushi lake. Tukapatana kwamba atakayetangulia atampigia na mwenzake.

"Maana wewe unachelewaga hata kwenye ugali," nilimwambia.

Ng'ambo ya mto Kagera, mizinga ilitukuta migombani.

Mafuru alikuwa kushoto kwangu.

Niliumia mguu, nikabebwa. Yeye alibaki mzima. Alinipungia mkono.

Miezi baadaye nilirudi chuoni na mkongojo. Nikapiga mstari wangu, nikapiga na wake, maana ahadi ni deni. Mtunza ghala akanipa mafurushi yote mawili. Nilifurahi, nasema kweli.

Kikosi chake kiliporejea, Mafuru hakuwamo. Hakuna aliyemwona akifa, wala aliyemzika. Nilisimama mbele ya ukuta nikiwa na msumari mkononi, nikashindwa kuufuta mstari. Niliona kama ningemuua mimi.

Kisha mama yake akaja. Ndugu walitaka kuweka matanga, lakini alikataa kunyolewa nywele za msiba mpaka auone ukuta wa majina aliousikia. Mlinzi alimwonyesha jina, akamweleza kwamba mstari ni wa aliyerudi. Akaulizia nguo, akaambiwa zimeshachukuliwa. Akapitisha kidole kwenye mstari, akanigeukia.

"Baba, ukuta wenu unadanganyaga?"

"Hapana, mama."

Akaamini mwanawe alirudi, akatumwa mbali. Alimngoja hadi alipokufa, na matanga ya Mafuru hayakuwekwa. Furushi lilikuwa chini ya kitanda changu.

Mwezi uliopita chuo kiliniita. Jengo linafanywa makumbusho, wanatafuta wa kusimulia historia yake. Nilimkuta luteni mmoja kijana akikwangua taratibu kwa kisu chokaa iliyopakwa ukutani baadaye. Nilimuuliza kwanza habari za ile pete. Naye hajui.

Chokaa ikadondoka, jina la Mafuru likatokea.

"Mzee, huyu mwenye mstari alirudi, sivyo?"

Niliomba msumari nifute. Akanikatalia kwa heshima: ukuta umeshakuwa kumbukumbu, haufutwi.

"Basi andika kwenye karatasi yako. Mafuru hakurudi. Mstari nilipiga mimi."

Nikaweka mezani furushi la Mafuru nililokuja nalo. Luteni akaandika, akanisomea. Itabandikwa ukutani, chini ya jina, kila mgeni aisome.

Mama yake hakujua kusoma. Ukutani pale alielewa kitu kimoja tu, nacho ni kile nilichokiweka mimi.