Vitabu Vitano Ndani ya Beseni la Mama

Siwezi kusoma nimekaa. Mimi ni fundi cherehani hapa Kasongo, kutwa nzima nimekaa, kwa hiyo nikishika kitabu miguu inadai haki yake. Vitabu vitano vya yaya nimevisoma nikizunguka uani na kugombana navyo kwa sauti. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu, na wangu anakaa Kabambare.

Vililetwa na dereva wa pikipiki ndani ya beseni la marehemu mama, juu limefungwa kitenge. Vilikuwa vya shemeji yangu, mume wa yaya, mwalimu, ambaye naye hayupo tena. Barua hakuna. Nikamuuliza dereva yaya amesema nini. "Salamu tu," akajibu.

Salamu tu! Miaka miwili tulikuwa hatujasemezana. Mama alipofariki Kabambare, mvua ilikuwa imebeba daraja, pikipiki ikalala matopeni, nikafika siku moja baada ya maziko. Nilikaa msibani kama kuku mgeni, macho ya watu yote kwangu, kisha nikaondoka kabla matanga hayajaisha, bila kumuaga yaya. Tangu hapo nilikuwa na hofu moja, kwamba ananihesabu mtoto asiyejali mama yake. Na mtu akituma vitabu bila barua, nilijiambia, basi vitabu vyenyewe ndiyo barua.

Nikaanza na kinene. Bwana mmoja katika mji wa baridi anakaa dirishani akijiuliza kama maisha yana maana. Kurasa mia, bado yuko dirishani. "Inuka ukalime!" nilimpigia kelele, na mteja aliyekuja kupima gauni akadhani namwambia yeye. Nikawaza, au yaya anataka kusema mvivu ni mimi? Mimi ninayeamka na jogoo?

Cha wasafiri wa zamani waliopita Nyangwe, kando ya mto wetu, kilinichoma. Wanaeleza mto, mitumbwi, soko, mpaka rangi ya samaki, lakini watu wanapita nyuma kama mbuzi, hakuna hata mmoja mwenye mama. Nilikitupa kwenye mabaki ya vitambaa. Kesho yake nikakiokota, maana yule mwandishi, pamoja na kiburi chake chote, alijua kuangalia.

Kulikuwa na cha mapenzi kilichopotewa na kurasa za mwanzo, nikawakuta wameshapendana na mpaka leo sijui nani alianza. Kilichonituliza ni cha kufuga kuku. Yule aliyekiandika amewahi kudonolewa, inaonekana. Nilikisoma mara mbili, na sina hata kifaranga.

Kisha kile chembamba. Mwanamke anakaa mjini, mama yake anafia kijijini, anafika maziko yamekwisha. Mwandishi hamwonei huruma hata kidogo. Anamwonyesha akila vizuri msibani, akitazama saa, akiuliza nyumba itabaki kwa nani. Kumbe ndivyo anavyoniona! Nilizunguka uani mpaka jirani akauliza nimepoteza nini. Wiki ile nilishona mkono wa gauni nje ndani, nikafumua, nikaukosea tena.

Ningemrudishia kwa dereva yule yule, yaishe. Lakini mama alitulea na sheria moja, kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Nikalijaza beseni mchele, sabuni na chumvi, vitabu nikavipanga juu. Nilipokuwa nafunga kitenge nikaona nina maneno pia, na hayo siwezi kumpa dereva abebe. Nikapanda pikipiki mwenyewe.

Nilimkuta yaya mlangoni anachambua maharage kwa vidole, uso ameelekeza barabarani. Hakuinuka mpaka nilipomsalimia.

"Hii sauti ni ya mudogo yangu?"

Macho yake yalikuwa yameingia weupe. Hasira niliyoibeba njia nzima ikakosa mahali pa kutua.

"Iko ukungu tu," akasema. "Barua ungeweka kando. Lakini beseni ya mama, nilijua utaleta wewe mwenyewe."

Akapapasa vitabu, akapima unene wa kila kimoja, akachomoa kile chembamba. "Hii iko kidogo. Unisomee, tumalize leo. Bwana yangu njo yeye alikuwa ananisomea. Hii hakufikia."

Nikasoma, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Nilipofika kwenye maziko nikaanza kuruka mistari.

"Mbona sauti yako inakimbia?"

"Yaya, hukunitumia kitabu hiki ili unipige nacho?"

"Nikupige sababu gani?" Nikamweleza kilichomo, na yale niliyoyawaza. Akarudisha mkono ndani ya maharage. Kisha akasema, "Wazee walitaka tukungojee siku ingine. Mimi njo nilikataa. Nilikuwa nimechoka, watu wamejaa, nikasema wamuzike tu, kwani mudogo yangu atafika lini? Kesho yake ukafika. Tangu siku ile naogopa utaniuliza."

Siku moja. Ningemwona mama uso wake. Sitadanganya kwamba nilimsamehe pale pale. Nilimchukia, kabisa, kwa muda wa pumzi mbili tatu, na miguu yangu ikataka barabara kama mara ile. Nikamtazama akinitafuta kwa macho yale meupe, upande usio wangu. Nikakaa chini, karibu naye, mahali mkono wake ungefika.

Aliponigusa akauliza kama bado kurasa ni nyingi.

"Chache," nikasema. "Lakini ngoja kwanza, yaya. Nilie."

Safari hii alinisubiri.