Kopo la Kutolea Maji Mtumbwini

Siku ya kwanza kazini sikupewa ndoano wala wavu; nilipewa pampu. Agronome, yaani bwana shamba, ndivyo tulivyomwita Mbelgiji aliyekuwa mkubwa wetu, alitupa chini furushi la mpira mweusi, akalisukuma kwa kiatu mpaka karibu na miguu yangu.

"Njo mutumbwi yako," alisema, maana kwetu njo ni ndio. "Pompe!"

Nilikanyaga ile pampu ya mguu huku jasho likinitiririka, na furushi likaanza kuvimba polepole pale ufukweni Goma, mbele ya wanawake waliokuwa wakifua na wavuvi waliokuwa wakianika nyavu. Wote walikuja kutazama. Lilipokwisha kuvimba, mvuvi mmoja alilibonyeza kwa kidole, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama yangu! Bazungu banaleta matela ku mayi! Banataka kulala na samaki!"

Matela kwetu ni godoro. Tangu siku hiyo mtumbwi ule ukaitwa Matela, na mimi mwenyewe nikaitwa Matela. Wako wazee wa Goma ambao mpaka leo hawalijui jina langu la ubatizo.

Nyinyi vijana mnaoniuliza habari za kazi zetu za miaka ile ya hamsini, najua mnataka nijisifu kidogo. Mtanisamehe. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa, lakini siwezi kuieleza bila aibu yake, maana tangu siku ya pampu mambo hayo mawili yalikwenda pamoja.

Ziwa Kivu wakati ule halikuwa na sambaza. Hawa samaki wadogo mnaowanunua kila jioni waliletwa baadaye kutoka Tanganyika. Sisi tulikuwa na tilapia, kambale, na visamaki vya kando kando ambavyo havikumshibisha mtu. Kazi ya Agronome ilikuwa kutafuta samaki wanakaa wapi: leo tutege ghuba hii, kesho ile, apime, aandike. Mtumbwi wa mti ni mzito, haupandi gari. Matela, iliyobaki kutoka vita vya wazungu, tuliitoa hewa, tukaikunja, tukaitupa nyuma ya kamiyoneti, na mchana huo huo tulikuwa ghuba nyingine.

Aliyenifundisha kazi ni Kapita, yaani msimamizi wetu, mtu wa kisiwa cha Idjwi aliyezaliwa karibu ndani ya maji. Kwanza alinifundisha kutoburuza. Mawe yetu ni ya volkano na yana meno. Mpira ukiburuzwa hatua chache umekwisha. Kwa hiyo tulitandika maganda ya mgomba pa kuushusha, au tuliubeba kichwani wawili, yeye mbele mimi nyuma, na watu barabarani waliona godoro linatembea kwa miguu minne. Pili, hewa haijazwi mpaka mwisho asubuhi, kwa sababu jua la saa sita huizidisha na mshono hufumuka. Nanga yetu haikuwa ya chuma, ilikuwa jiwe ndani ya gunia. Kisu kilikaa ndani ya ala ya mbao. Na tilapia, mwenye miiba mgongoni, hatupwi sakafuni hata kidogo: unamshika kichwa, unailaza miiba kwa kiganja, unamtia ndooni akiwa bado anashangaa.

Hayo yote niliyashika upesi. Kilichomshangaza Kapita ni kwamba sikula samaki. Nilimkamata, nikampasua, nikampikia Agronome, kisha nikakaa kando na viazi vyangu.

"Weye uko sawa padri," alinitania. "Unafungisha bengine ndoa, weye mwenyewe haugusi."

Nilicheka naye, lakini moyoni sikucheka. Mimi ni mtu wa milima ya Masisi, mtoto wa watu wa ng'ombe. Nyumbani kwa baba samaki hakuwa chakula. Aliyemla hakuruhusiwa kuweka kinywa kwenye chansi, kile chombo cha mti cha maziwa, maana ilisemwa ng'ombe angekauka maziwa. Sasa sikilizeni vizuri. Kwetu mtoto akirudi kutoka safari, kabla ya salamu nyingi, baba humpokea langoni kwa chansi. Ukinywa, umefika nyumbani. Usiponywa, miguu imefika lakini wewe hujafika. Kwa hiyo samaki mmoja alitosha kunifungia lango la baba.

Baba alijua ninavua. Hakupenda, lakini alikuwa amekata shauri lake.

"Mikono, mutu ananawa, inaisha," aliniambia. "Kinywa haiko vile. Siku utakula ile vitu, usiguse chansi yangu."

Nilijaribu kumtetea mvuvi kwa dini, kwa kuwa baba alikuwa Mkristo wa kufika kanisani kabla ya katekista. "Lakini baba, Bwana Yesu aliita bavuvi."

"Alibaita juu baache nyavu," alijibu, akaendelea kumpapasa ndama.

Baadaye kazi ilinihamishia Sake pamoja na Kapita, kwenye ghuba iliyo chini ya milima yetu. Kupanda nyumbani kukawa jambo la asubuhi moja. Kila nilipopanda nilisugua mikono kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikawaka, na baba alininusa bila kuficha, kama anavyonuswa mbwa aliyetoka porini. Kisha alinipa chansi. Nilikunywa nikiwa nimeinamisha macho. Sikuwa nimekosa neno lolote, lakini aibu haikungoja nikose.

Kosa lilikuja siku ya upepo. Agronome alikuwa ametoka Goma kutukagua, tukaingia ziwani yeye na mimi. Wavu ulipopanda, alikuwemo tilapia mkubwa ambaye sijamwona mwingine kama yeye. Furaha ilinipoteza. Badala ya kumshika kichwa na kuilaza miiba, nilipitisha mikono miwili chini ya tumbo, nikamwinua kifuani, hivyo hivyo tunavyomwinua ndama aliyezaliwa usiku wa mvua. Mtu wa Idjwi hawezi kufanya kosa hilo. Ni mtu wa ng'ombe tu. Samaki alijipindua, akaanguka kwa mgongo kwenye ubavu wa mtumbwi. Nikasikia hewa inatoka.

Matela ilikuwa na vyumba viwili vya hewa, na kimoja kikabaki kutubeba, lakini upande mmoja ulilala na maji yakaingia. Agronome alivua kofia yake ngumu, akaanza kuyatoa kwayo huku akitukana kwa lugha yake. Mimi nilipiga kasia. Upepo ulitusukuma mpaka chini ya ukuta wa mawe meusi, mahali pasipo na njia ya kupandia. Hapo tukakaa, tumelowa, tukingoja upepo utulie ili Kapita atufuate.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka Agronome alipokusanya vijiti vikavu, akawasha moto, akamchoma yule yule tilapia. Alimkata vipande, akanisukumia kimoja juu ya jani.

"Kula."

"Hapana, Monsieur. Kwetu hatukulake."

"Kwenu iko wapi hapa?" alisema, akinionyesha mawe na maji. "Hapa iko miye, weye na samaki."

Ningeweza kukataa. Njaa ya siku moja haimuui mtoto wa mchungaji. Nimeshinda na njaa mara nyingi nyuma ya ng'ombe. Nilikula kwa sababu mkubwa alikuwa akinitazama, na kwa sababu ile harufu ilinishinda. Tena alikuwa mtamu, na utamu ule ndio ulioniaibisha kuliko yote. Nililamba vidole. Kapita alipofika na mtumbwi wake wa mti alinikuta bado navilamba, na kwa mara ya kwanza hakunitania.

Nilipopanda nyumbani baada ya hapo sikutafuta ndimu wala majivu. Baba alikuwa amesimama langoni, chansi mkononi, povu la maziwa likiwa bado juu. Nilisimama mbele yake nikakosa pa kuiweka mikono yangu.

"Baba, kunywa weye," nilimwambia.

Alinielewa pale pale. Hakuuliza alikuwa samaki gani, wala nani alinilazimisha. Alikifunika chansi kwa kifuniko chake cha ukindu, akaingia ndani, akatoka na kopo la bati lililotundikwa karibu na mlango kwa ajili ya wapita njia. Akamimina maziwa humo, akanionyesha kigoda cha nje ya lango.

"Kunywa, mugeni," alisema.

Ndugu zangu walikuwa wanasikia, na mama alikuwa anasikia. Nilikunywa maziwa ya ng'ombe niliowachunga mwenyewe, nimekaa nje kama mfanyabiashara wa chumvi. Nilipoaga, baba alilitia lile kopo kwenye mfuko wangu.

"Ni yako. Hapa hakuna mutu atalikunywea tena."

Kule kazini, baada ya mambo ya kofia, Agronome alikuwa ametoa amri kwamba Matela isiingie ziwani bila chombo cha kutolea maji. Kapita aliponiuliza kama ninacho, nilitoa kopo la baba. Likafungwa kwa kamba kwenye kiti cha mbao, na tangu hapo lilinywa maji ya ziwa, magamba na damu ya samaki. Nilifanya hivyo kwa hasira. Nilijiambia, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaanza kula samaki kila siku, kwa sauti, hata nilipokuwa nimeshiba. Kwetu nikawa napanda kwa nadra, na nikipanda sikai.

Kazi ilinirudisha Goma. Kapita alizeeka akarudi Idjwi, na Agronome mpya, kijana mwenye haraka, akanipa mimi nafasi ya Kapita. Nikaoa Esperansi, naye ni mtoto wa Masisi, na nyumbani mwetu samaki aliliwa bila maneno. Ndipo siku moja ndugu yangu akanishushia baba kutoka kwenye kamiyo, lori la viazi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na alikuwa ameambiwa kwamba Goma kuna hospitali. Alikuja na fimbo yake, shuka yake, na chansi chake akiwa amekifunga kwa kitambaa ili asinywee vyombo vya watu.

Niliogopa kuliko siku ya upepo. Esperansi alimpikia baba maharage na viazi kwenye sufuria mpya, akatupikia sisi tilapia nje, nyuma ya nyumba. Lakini nyumba ya mfanyakazi ni ndogo, na harufu haiombi ruhusa ya kuingia.

"Ile inanuka ni nini?" baba aliuliza.

"Ni samaki, baba. Tutaipeleka mbali."

"Nani aliikamata?"

"Njo miye."

Macho yake yenye ukungu yalielekea upande wangu, yakanipita kidogo. "Mulete," alisema.

Esperansi alinitazama. Nilitaka kukataa, lakini baba hakatazwi. Kwa kuwa hakuona, nilikaa karibu naye nikamtolea miiba kipande kwa kipande, nikamwekea nyama kwenye vidole. Alikula taratibu, kama anayesikiliza. Alikimaliza chakula chote. Jasho lilinitoka kama siku ya pampu.

Esperansi, akitaka kuifunika aibu yetu, alileta maziwa aliyonunua asubuhi, akayamimina kwenye chansi, akapiga goti, akampa. Baba alikipokea kwa mikono miwili. Alikipapasa mdomo, akapapasa ule ufa mdogo wa ubavuni, akakijua. Kisha akamrudishia.

"Hapana, binti yangu. Kinywa imeshakula." Akanigeukia. "Leta ile kopo ya bageni. Leo mugeni njo miye."

Nilikimbia mpaka ufukweni. Nililikata lile kopo kwenye kamba yake, nikalisugua kwa mchanga, nikalinusa, nikalisugua tena. Harufu haikutoka. Nilirudi nalo mbio, nikayamimina humo maziwa ya chansi. Baba alikunywa nusu, akafuta midomo, akaninyooshea iliyobaki.

"Na weye, kunywa."

Nilikunywa. Nililia mbele ya mke wangu na sikuficha.

Macho ya baba hayakupona. Alipopanda kamiyo kurudi Masisi, alikiacha chansi kwetu, akaomba kopo. Nilidhani ni kumbukumbu tu. Baadaye ndugu zangu walinieleza: alipofika nyumbani alikataa kuvuka lango kuingia zizini kwake. Alisema sheria ni yake na hawezi kuivunja kwa sababu amezeeka. Akakaa kwenye kile kigoda cha nje, akawa ananywea kopo hilo, asubuhi na jioni, mpaka alipofariki.

Sasa nimestaafu, naishi hapa Katoyi, mtaa wa Goma. Wajukuu wangu wanakula sambaza na kushushia maziwa mezani pamoja, na mimi siwakatazi. Matela ilioza zamani. Kiraka bado najua kukibandika, na tilapia bado najua kumshika. Vijana wakitaka waje niwafundishe. Chansi cha baba kiko juu ya kabati, na sijawahi kukinywea. Aibu ya kuitwa mgeni niliizoea. Lakini ya baba yangu kukaa nje ya lango lake mwenyewe, kwa sababu ya samaki niliyemtolea miiba kwa vidole vyangu, hiyo sijaizoea.