Tuzo ya Mama wa Marehemu

Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Kibera, tamasha la filamu lilimpa mama mmoja wa mtaa wa Makina tuzo ya heshima kwa mchango wake katika sinema. Kwa miaka mingi amelia kwenye filamu za watu, kila mara akiigiza mama wa marehemu. Tulipiga makofi. Akashuka jukwaani, akaja moja kwa moja kwa mpiga kamera aliyekuwa kando yangu.

"Shika kitu yenu."

"Hiyo ni yako, mama."

"Kwani ile simu mlinipea, mkimaliza kushuti si mlichukua? Na gauni. Hata mtoto."

"Hii unaenda nayo nyumbani."

Akaitazama tuzo. "Kamera imezimwa?"

"Imezimwa."

Hapo akalia, kamasi zikimtoka, uso ameugeuzia ukuta. Mwongozaji yeyote angemwambia arudie.