Maganda Yaliyozima Moto wa Mama Gesi

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Gesi alilisha mtambo ulio nyuma ya bweni la wauguzi wanafunzi: tangi la saruji lisiloingia hewa, ambamo mabaki ya majikoni ya mtaa mzima yalioza na kutoa gesi ya kupikia. Mwezi ule gesi ikapungua. Wifi yake, mpishi wa bweni, akatoa kichwa dirishani.

"Wifi, huu ni moto au picha ya moto? Maharage yanaoga tu, hayaivi."

Mhandisi wa mtambo akaja, akachungulia mara moja, akahukumu: mlishaji amezeeka, anazidisha maji, kamati ya mtaa inayosimamia mtambo ikutane baada ya wiki nne imwondoe. Hakuuliza swali hata moja. Watu wa namna hiyo huuona ufagio, wasimwone aliyeushika.

Mama Gesi akajiuliza ni kipi kilichobadilika. Tangu duka jipya lifunguliwe, ndoo za kila nyumba zilijaa maganda ya machungwa yanayong'aa. Akaokota boksi la machungwa hayo jalalani na kusoma maandishi ambayo wote walikuwa wameyapita: yametiwa dawa ya kuzuia ukungu, ganda lisiliwe.

"Ganda lisilofaa tumbo la mtu," akamwambia wifi yake, "linafaaje tumbo la mtambo?"

"Kumbe nao una tumbo?"

"Una vijidudu, na ndivyo vinavyokupikia wewe."

Akatwaa chupa tisa na kutia kila moja samadi ile ile ya ng'ombe. Tatu akazilisha mabaki ya kawaida, tatu maganda ya dukani. Akijua wapo watakaosingizia ukali wa machungwa yenyewe, tatu za mwisho akazilisha maganda ya machungwa ya shambani yasiyoonja dawa. Kila shingo akaivika puto.

Siku ya kikao akazipanga mezani. Maputo sita yalisimama. Matatu ya maganda ya dukani yalining'inia kama masikio ya mbwa aliyekaripiwa.

"Labda hizi zinavuja," alisema mhandisi.

"Zizamishe kwenye ndoo, mwanangu, utafute povu."

Akazamisha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji yalitulia tuli. Mwenyekiti akakohoa kuficha kicheko.

"Nilikosea, Mama," mhandisi akasema hatimaye.

"Ulikosea kutouliza. Sasa sikiliza: maganda ya dukani yasiingie tena. Na tope lililomo mtamboni, mnalolifanya mbolea, lisipelekwe kwenye bustani za mboga hadi lipimwe. Kuoza gizani si kuisha. Dawa hiyo huenda bado imo."

Kamati ikakubali yote, ikamwachia yeye peke yake kuamua kinachoingia mtamboni. Mhandisi akafungua daftari la kumbukumbu.

"Niandike ni agizo la mtaalamu gani?"

"Andika mlishaji," akasema Mama Gesi, naye akasimama kando yake mpaka alipomaliza neno hilo.