Safari ya Kumfumbua Dada Macho

Kilichonitoa Nakuru ni simu ya Neema, binti wa dada yangu Rahab anayeishi Sweden. Alikuwa amechaguliwa kuwa kipa wa Sweden katika mashindano ya dunia ya wanawake ya bandy, mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. "Anti, njoo ukae na Mama uwanjani," alisema. "Huwa anakuja, lakini anafumba macho akiomba mpaka mechi iishe. Hajawahi kuniona nikicheza."

Asubuhi nilipotua Arlanda, Rahab alikuwa ananingoja na sare yake ya kazi, maana husafisha hapo hapo uwanja wa ndege. Alinivisha koti linalonimeza. Tukielekea kwake Märsta, nilimgusia habari ya macho.

"Akiwa na miaka tisa, mpira ulimng'oa jino nikiona," akasema. "Tangu siku hiyo mimi ni kuomba tu. Wewe utanisimulia."

Jumamosi saa sita tulipanda treni kuingia Stockholm. Nilitarajia kiwanja kidogo, kumbe barafu yenyewe ni pana kama uwanja wa soka. Wasichana kumi na mmoja kila upande wanateleza kwa kasi ya kutisha, wakifukuzia kimpira kigumu. Kila mtu ana gongo lake isipokuwa kipa. Neema wetu mikononi alikuwa na glavu tu. Hapo nikamwelewa dada yangu, nami nikashikwa na woga.

Filimbi ilipolia, Rahab aliinamisha kichwa. Mama mmoja Mswidi aliyeketi kando yetu alimtazama kwa huruma akaniuliza kwa Kiingereza kama ni mgonjwa. Nikamwambia anaomba, yule kipa ni mwanawe. Alifungua chupa yake ya kahawa, akatumiminia vikombe viwili.

Kipindi cha pili wapinzani wetu, Wafini, walipewa penalti. Uwanja ukanyamaza.

"Kuna nini?" Rahab aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Penalti. Neema yuko peke yake."

"Nisimulie."

"Leo sisimulii, dada. Mtoto wako yuko pale, mtazame."

Alinifinya mkono hadi ukauma, kisha akafumbua. Mfini akapiga. Neema akaruka kulia, mpira ukaingia kushoto.  Rahab alisimama, machozi yakimtiririka, na Neema alipogeuka kuokota mpira wavuni alimwona mama yake amesimama anamtazama. Aliinua glavu moja.

Sweden walishinda mechi hiyo mwishowe, lakini nje ya uwanja hakuna aliyelitaja hilo. Neema alimuuliza mama yake kwa Kiswidi, kama walivyozoea watoto wa huko, kama kweli alimwona, na Rahab akamjibu kwa Kiswahili: "Nilikuona. Uliruka vizuri sana." Wakakumbatiana, mmoja na makoti matatu, mwingine na pedi za kipa, na mimi nikawalilia wote wawili.

Jumatatu nilirudi Nakuru. Nilikuwa nimedhani Neema anataka mama wa kumshangilia akishinda. Kumbe alitaka amwone hata akifungwa, na ilinibidi nisafiri mbali hivyo ili nilijue jambo dogo namna hiyo.

Jumatano jioni simu ililia nikiwa jikoni. Alikuwa Rahab, sauti imemkauka.

"Nimeona mechi ya leo yote," akasema. "Amefungwa mawili."