Bushi za Mpingo

Mama hakulia siku ile tulipompeleka hospitali. Aling'ata ncha ya kanga. Kila gari la mjomba lilipotumbukia shimoni, nyuma iligonga ngo!, na mimi niliyekuwa nimemlaza kichwa mapajani niliona taya zake zikikazana. Kutoka kijijini kwetu Ziwani hadi Mtwara mjini niliyahesabu mashimo yale kama mtu anayehesabu fimbo anazochapwa mzazi wake. Akapasuliwa tumbo, akapata nafuu, na nesi akatuambia tukamchukue Jumamosi.

"Ila asitikiswe," akasema. "Nyuzi bado mbichi."

Asitikiswe! Na gari ni lile lile.

Mjomba alikuwa kaka yake mama, karani wa bandarini, na mimi nilikuwa nikikaa kwake mjini, mtaa wa Shangani, tangu nimalize darasa la saba nisichaguliwe kuendelea. Kazi yangu ilikuwa kuliosha gari, kulitia maji, na kuota ndoto. Kichwani mwangu nilishayaendesha malori yote yaliyoleta korosho bandarini. Nilishafika Songea, nilishafika Dar es Salaam, na safari zote hizo mama alikaa mbele, pembeni yangu, kajifunga kanga mpya, ananiuliza ule mlima unaitwaje. Kwa hiyo fundi wa mjini aliposafiri kwenda msibani, na mjomba akasema basi gari tulitengeneze wenyewe uani, mimi sikuona taabu. Niliona mlango umefunguka.

Ugonjwa wa gari ulijulikana. Springi za nyuma, yale mabamba ya chuma yaliyolaliana kama chapati, zina tundu kila mwisho, na ndani ya kila tundu hukaa bushi. Bushi ni kipande cha mpira tu, kinene kama kidole gumba cha mtu mzima mara mbili, kina tundu katikati la kupitisha pini. Mpira ukilika ukaisha, chuma hugonga chuma, na atakayekaa nyuma ndiye atakayeeleza. Bushi mpya nne zilikuwa zimekuja kwa meli, maana barabara ya Dar es Salaam ilikatwa na mvua. Tulizingoja mwezi mzima. Mjomba aliziweka kabatini pamoja na vyeti vya ndoa.

Alhamisi asubuhi nikapiga jeki. Pini ya kwanza ilikataa kutoka. Nikaimwagia mafuta ya taa, nikangoja, nikagonga. Nikamwagia tena. Mjomba alikuwa amesimama mbali kidogo na shati lake jeupe la ofisini, mikono nyuma.

"Gonga, mjomba! Unambembeleza nani humo?"

Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba wote wawili. Yeye aliniita mjomba akiwa amefurahi. Akikasirika niliitwa "wewe".

Alipokwenda kazini nikabaki chini ya gari na kutu machoni. Pini zilitoka adhuhuri, moja moja, kila moja na ngozi yangu ya kidole. Bushi za zamani ndizo hazikutoka kabisa, zilikuwa zimegandamana na chuma. Nikakumbuka kwamba mafundi huzichoma. Nikawasha moto wa vifuu chini ya springi, na moshi ukapanda mweusi, mzito, ukaelekea moja kwa moja kwenye kamba ya nguo.

Mke wa mjomba, mkaza mjomba wangu, akatoka na mwiko mkononi.

"Ama! Mamako anatoka hospitali, wewe unataka kutupeleka sisi?"

"Nachoma bushi, mkaza mjomba."

"Unachoma mashuka yangu!"

Nikafua mashuka. Kweli, kabla sijarudi kwenye gari nilifua mashuka mawili na foronya, na jua likawa limeshapinda.

Matundu yakawa safi. Sasa nikaleta bushi mpya, nikaigonga iingie. Ikaruka kama chura. Nikaigonga tena, ikaruka, nikaitafuta kwenye majani. Dereva mmoja wa bandarini alikuwa ameshaniambia: "Ukifika kwenye kuingiza, paka maji ya sabuni. Sabuni tu, usije ukatia kitu kingine." Nilimsikia vizuri. Lakini nikajiambia, sabuni ni ya sahani. Chuma na mafuta ndio ndugu.

Stoo kulikuwa na debe la mafuta ya maganda ya korosho. Mjomba aliyapaka kwenye nguzo za uzio, mchwa wasizile. Mtoto yeyote wa Mtwara anajua mafuta yale yanababua ngozi. Ukikuta mtu ana mabaka meusi midomoni, humwulizi, unajua alibangua korosho kwa meno. Nilijua. Ndiyo maana sikuyagusa: nilitumia kijiti. Nikazitumbukiza bushi zote nne ndani ya kopo la mafuta yale, zilale humo zilainike, asubuhi zijiingie zenyewe. Tone moja tu liliniponyoka likanirukia kwenye kifundo cha mkono. Nikalala nimejipongeza, nikaota naendesha lori jipya.

Ijumaa asubuhi nikafunua kopo. Bushi zilikuwa zimeumuka kama vitumbua. Niliibonyeza moja kwa kijiti, na kijiti kikazama.

Mjomba akaja, akachungulia, akachukua kijiti akabonyeza naye.

"Wewe," akasema.

"Naam, mjomba."

"Mafuta yanamla mchwa. Yanamla binadamu. Wewe ukadhani yatauhurumia mpira?"

Akavaa kofia yake, akatoka, na pale getini akageuka. "Na mama yako atakuja na nini kesho? Kwa mgongo wako?"

Nilikaa nimeegemea gurudumu. Mkono ulikuwa unawaka pale tone lilipoangukia, ngozi imefura, lakini si mkono ulioniliza. Nilimwona mama anang'ata kanga. Nilijaribu kuota kitu kingine, Songea, milima, ndoto zikakataa kuja. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kisha nikaokota kipande cha tairi bovu na pini moja, nikaenda kwa jirani kuazima kisu kikali. Jirani huyu alitoka ng'ambo ya mto Ruvuma na familia yake na lafudhi yake, akalima mihogo nyuma ya nyumba, na mchana alichonga: vitana, michi, na sura za watu zenye midomo ya kunicheka. Aliichukua pini yangu, akaitazama, akautazama mpira.

"Unataka kushona kiatu?"

"Nataka bushi. Nilizokuwa nazo nimeziharibu."

"Nimesikia. Nke wa njomba wako kampigia kelele kila ntu ntaani." Akacheka bila huruma. "Kitu hiki kinazunguka ndani ya chuma?"

"Kinazunguka kidogo."

"Basi tairi la nini? Mpingo! Mpingo una mafuta yake ndani. Hauhitaji ya kwako wewe."

Akanituma nikapime tundu la springi. Nikapima kwa kijiti, nikarudi. Akachonga, akatoboa kwa keke, akanipa. Nikakimbia nyumbani: ikacheza ndani kama njugu kwenye kayamba. Nikarudi. "Umepima kwa nkono au kwa ndomo?" Ya pili ilikuwa nene, nikaigonga kwa hasira ikapasuka katikati. Nikarudi tena nikiwa na vipande viwili mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikapandisha sauti:

"Huu mti wako ni mgumu mno!"

"Nti ni ngumu," akasema, "na wewe ni ngumu. Sasa nani alegee?"

Mara ya nne hakunituma. Alibeba keke na patasi zake, akaja uani, akaingia chini ya gari mwenyewe na suruali yake ya pekee. Siku nzima ile akawa anachonga ananyoosha mkono, mimi nasugua kwa majani ya msasa, narudisha, anasema bado, nasugua. Vidole vikawa laini kuliko bushi. Jioni tulikuwa na mbili. Jumamosi alfajiri tukaendelea, na saa tatu asubuhi ya nne ilikuwa mkononi mwake, nyeusi, inang'aa, kitu cha kuvaa shingoni.

"Lete sabuni," akasema.

"Sabuni?"

"Tuipake iingie. Unaingizaje kitu kikavu?"

Nikaleta sabuni. Ile ile ya sahani. Zikaingia zote nne, kwa nyundo ndogo, kama zilizaliwa humo.

Mjomba alikuja akalisukuma gari kwa nyuma, likanesa bila kugonga. Akainama, akatazama chini. "Mjomba," akasema, "hizi umezitoa wapi?" Nikajua nimesamehewa, walau nusu.

Tulimtoa mama hospitali akitembea polepole, mkono tumboni. Nikamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu, nikatandika mito miwili ya mkaza mjomba. Mjomba akaendesha kama amebeba mayai. Lami ikaisha, tukashika njia ya Ziwani. Shimo la kwanza lile kubwa nililijua, nikafumba macho, nikamshika mama mabega. Gari likashuka, likapanda. Hakuna ngo!

Ila palitoka sauti nyingine. Kwiii.

Mama akafumbua macho. Shimo la pili: kwi-kwiii. Mti ulikuwa unasuguana na chuma na unalia kama kifaranga kilichokanyagwa.

"Mmepakia kuku?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ni bushi."

"Bushi gani inayolia?"

"Za mpingo. Zile za mpira nilizi… ziliumuka."

"Ziliumuka," mjomba akasema huko mbele bila kugeuka. "Mwanao kazipika kwa mafuta ya korosho."

Kwiii, likajibu gari.

Mama akaanza kutikisika. Nilidhani anaumia, nikapiga kelele mjomba asimame, kisha nikaona machozi na meno. Anacheka. Anacheka huku amekamata tumbo kwa mikono miwili, anaumia, anacheka. "Jamani msinichekeshe! Nyuzi zangu!" Mjomba naye akaangua, na kila akijizuia, gari linakanyaga shimo jingine na kulia kwiii, na mama anaanza upya.

Nilikasirika, nasema kweli. Siku tatu za kutu, moshi na kubabuka, ili asitikiswe, na sasa anatikiswa kuliko safari ile. Aling'ata ncha ya kanga, vilevile kama siku ile, mabega yakimtetemeka mapajani mwangu. Nikamwomba mjomba apunguze mwendo. Si kwa ajili ya mashimo tena, kwa ajili ya kicheko.